Barua za Jamaa: Nani Ashike Ufunguo?

Siku hizi jamaa moja haikai tena katika kijiji kimoja. Baba na mama wako Bukavu, mtoto wa kwanza anafanya kazi Lubumbashi, wa pili ameolewa Kampala, wa tatu yuko Bruxelles au Montréal. Habari za msiba, za mtoto aliyezaliwa, za karo ya shule na za mgonjwa aliye hospitalini, zote zapita katika simu. Zamani barua ilikuwa na bahasha, stempu na tarishi. Leo bahasha haionekani, na tarishi hatumjui. Ndiyo maana watu wengi hawaulizi tena: barua zetu zalala katika nyumba ya nani?

Lakini wako mafundi wanaouliza neno hilo, tena kwa sauti kubwa. Wao hutushauri tuache nyumba za matajiri, tujenge nyumba yetu wenyewe. Tununue mashine ndogo, tuiweke nyumbani kwa ndugu mmoja, tutie ndani yake programu ya kuandikiana na programu ya kuonyeshana picha, kisha maneno yote yafungwe kwa ufunguo wa siri. Mashine hiyo huitwa seva, maana kazi yake ni kuwatumikia wengine: hupokea barua, huzitunza, huzipeleka. Vijana wetu waliosoma ufundi wa kompyuta hulisikia shauri hili na kulipenda.

Katika ukurasa huu twataka kulipima kama mtu anavyopima kitabu kipya. Tutazame lililo jema ndani yake, lililo pungufu, na lile ambalo wenye shauri wamelisahau. Twaona kwamba wamelisahau jambo moja kubwa, nalo ndilo linalogusa jamaa zetu kuliko yote.

Kwa nini watu wanataka kuhama

Tusiwacheke wanaotaka kuhama. Wana sababu. Mwaka 2014 kampuni ya Facebook ilinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19 hivi. Mtu hatoi mali nyingi namna hiyo ili awapelekee watu salamu za bure; anatazamia faida. Mwaka 2018 ikajulikana kwamba habari za watu wa Facebook, pengine milioni 87, zilifika mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni iliyofanya kazi ya siasa, bila wenyewe kuombwa ruhusa. Mwezi wa Januari 2021 WhatsApp ikatangaza masharti mapya, na watu wengi wakakimbilia Signal na Telegram. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Aliyekuwa na mgonjwa siku ile akajua maana ya kuwa na mlango mmoja tu. Mwezi wa Oktoba 2022 Elon Musk alinunua Twitter kwa dola bilioni 44, amri za nyumba ile zikageuka, na watu wengi wakahamia Mastodon.

Hata hivyo tuseme haki. Tangu Aprili 2016 WhatsApp hufunga maneno ya watu wote kwa njia iliyotengenezwa na watu wa Signal. Maneno hufungwa katika simu ya mwandikaji, hufunguliwa katika simu ya msomaji tu. Tarishi wa katikati huchukua sanduku asiloweza kulifungua. Kazi hiyo waandishi wa siku hizi waiita usimbaji fiche. Kinachobaki wazi ni bahasha: nani amemwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi. Wasomaji walishike neno hili bahasha, maana tutalirudia.

Ubishi wa mafundi wawili

Ili tulielewe shauri hili vizuri, tutazame ubishi wa mafundi wawili ambao kila mmoja amejenga chombo kinachotumiwa na watu wengi.

Wa kwanza ni Moxie Marlinspike, Mmarekani, mwanzilishi wa Signal. Mwezi wa Mei 2016 aliandika makala fupi juu ya kile tunachoweza kukiita shirikisho. Shirikisho ni hivi: kila nyumba ina sanduku lake la barua, na nyumba zote zinapelekeana. Barua-pepe ndiyo mfano wa zamani. Mtu wa nyumba hii aweza kumwandikia mtu wa nyumba ile. Marlinspike asema kwamba njia hiyo ni nzuri kwa mawazo, lakini inazeeka mapema. Kwa nini? Kwa sababu ukitaka kubadili neno moja, sherti nyumba zote zikubali, na nyumba elfu hazikubaliani upesi. Penye mwenye nyumba mmoja, atengeneza leo, kesho watu wote wanapata. Mwezi wa Desemba 2019 aliyarudia mawazo hayo mbele ya mkutano mkubwa wa mafundi huko Leipzig, katika Ujerumani.

Wa pili ni Matthew Hodgson, mmoja wa waanzilishi wa Matrix, iliyotangazwa mwaka 2014. Tarehe 2 Januari 2020 alimjibu mwenzake. Yeye asema kwamba siri bila uhuru ni nusu ya kitu. Ukikaa katika nyumba ya mtu mmoja, hata akiwa mwema, amri ni yake. Akiuza, umeuzwa pamoja na nyumba. Akifungiwa na serikali, umefungiwa nawe. Heri nyumba nyingi zinazosema lugha moja, na kila mtu achague yake.

Tuseme nini? Kila mmoja amesema kweli upande wake.

Marlinspike hakukosea aliposema juu ya uzito wa mabadiliko. Njia ya kuandikiana iitwayo XMPP ilianza mwaka 1999 kwa kazi ya Jeremie Miller, lakini namna ya kufunga maneno inayotumiwa leo na wengi wa njia hiyo, yaani OMEMO, ilikuja mwaka 2015. Matrix yenyewe ilianza mwaka 2014, na mpaka Mei 2020 ndipo programu yake kubwa ilipofunga vyumba vya faragha pasipo mtu kuagiza. Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, ina barua za faragha zisizofungwa kwa ufunguo wa siri. Mtunzaji wa mashine aweza kuzisoma akitaka, na programu yenyewe huwaonya watu wasiandike humo mambo ya siri.

Tena Marlinspike aweza kutuonyesha matunda. Mwaka 2016 wakubwa wa sheria wa Marekani waliiamuru Signal itoe habari za mtu. Signal ikatoa vitu viwili tu: siku mtu huyo alipojiandikisha, na siku ya mwisho alipoingia. Haikuficha kitu, haikuwa na kingine. Mwaka 2018 ikaanza pia njia ya kulificha jina la mwandikaji lisionekane nje ya bahasha. Hilo ni jambo la kusifiwa.

Lakini Hodgson naye hakukosea. Tarehe 15 Januari 2021, wakimbizi wa WhatsApp walipojaa mlangoni, Signal ilizimika. Tarehe 20 Oktoba 2025, mashine za Amazon zilipopata ajali, Signal iliguswa nayo, maana imekodi mashine kwa matajiri walewale. Na nyumba hii yalishwa kwa mali nyingi: mwezi wa Novemba 2023 wakubwa wake waliandika kwamba gharama zitafika karibu dola milioni 50 kwa mwaka ifikapo 2025. Signal si kampuni ya faida, yaishi kwa sadaka za watu. Nyumba inayoishi kwa sadaka yaweza kuwa njema sana, lakini yaweza pia kukosa chakula.

Hapo ndipo ubishi wao unapokomea. Mmoja asema: mwenye nyumba mmoja, aliye mwaminifu. Mwingine asema: wenye nyumba wengi, huru. Wote wawili wanamtazama mwenye nyumba aliye mbali: kampuni, serikali, tajiri wa Ulaya. Sisi twauliza: na akiwa ni shemeji?

Bahasha katika mkono wa ndugu

Mtu anayejenga seva ya jamaa huona kwamba amewaokoa ndugu zake. Amewatoa katika mkono wa mgeni. Ni kweli. Lakini ile bahasha iliyokuwa katika mkono wa mgeni haikupotea. Imehama tu, sasa iko katika mkono wake yeye.

Tueleze vizuri anachokiona. Ikiwa ni Mastodon, aweza kusoma hata maneno ya faragha, kama tulivyosema. Ikiwa ni Matrix au XMPP yenye ufunguo wa siri, maneno hayasomi. Lakini aona nani ameandika, kwa anwani gani, saa ngapi, barua ngapi. Aona pia mtu akiandikia nyumba nyingine ya nje, na jina la nyumba hiyo. Aweza kufunga mlango wa mtu mmoja kwa neno moja tu. Katika vyombo vingine aweza hata kubadili neno la kuingilia na kuingia kwa jina la mwenzake. Barua za zamani hatazisoma pasipo ufunguo, lakini aweza kuandika kana kwamba ni yule, na wale wasiozoea kupima alama za ufunguo hawatatambua.

Pengine mtu atasema: kampuni pia yaona bahasha, tofauti ni nini? Tunajibu: kampuni yaona kwa faida yake, lakini haijui kwamba namba hii ni mke wa mdogo wangu. Haiji kukaa nasi matangani. Haigawi mali ya marehemu. Ndugu aliyeiweka seva ajua majina yote, na nyuma ya kila jina ajua shauri lake. Kwa mgeni bahasha ni hesabu. Kwa ndugu bahasha ni habari nzima.

Tufanye mfano. Mtu amekufa, ameacha mke na watoto watatu. Seva ya jamaa iko nyumbani kwa ndugu wa marehemu. Siku ya arobaini haijafika, tayari maneno yameanza juu ya nyumba, shamba na gari. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 inamweka mjane kati ya warithi, lakini sote twajua kwamba katika jamaa nyingi sheria hufika ikiwa imechelewa. Mjane anamwandikia kaka yake usiku. Kesho anamwandikia avoka. Kesho kutwa anamwandikia kaka yake mara kumi na mbili. Maneno yake yamefungwa barabara, hakuna awezaye kuyasoma. Lakini shemeji hana haja ya kuyasoma. Ameona anwani ya avoka. Hiyo yamtosha.

Au tufanye mfano wa binti aliyeolewa ambaye amepigwa, naye anatafuta shangazi wa kumpokea. Au kijana anayeuliza mganga wa hospitali juu ya ugonjwa anaouonea haya. Au mama mzee anayemtumia mtoto mmoja fedha kwa siri ili wengine wasigombane. Hakuna hata mmoja wao anayetenda ubaya. Lakini kila mmoja ana siri ya haki, na siri hiyo hawaogopi kuijua watu wa Marekani. Wanaogopa kuijua watu wa nyumbani. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Labda mtunzaji wa seva atakasirika akisoma hayo. Atasema: mimi si mtu wa namna hiyo, sitazami madaftari ya mashine. Twamsadiki. Watunzaji wengi hawatazami. Lakini kutazama si shauri pekee. Mtu akijua tu kwamba ndugu aweza kutazama, ataunyamaza mdomo wake. Mjane hatamwandikia avoka. Binti hatamtafuta shangazi. Nyumba iliyojengwa ili watu waseme kwa uhuru itakuwa nyumba ya salamu na picha za arusi tu, na kila mtu atadhani kwamba jamaa ina amani.

Tena mtunzaji mwema hatoshi ikiwa mlango wake unaweza kuvunjwa. Mwezi wa Mei 2023, huko Marekani, polisi wa FBI waliingia nyumbani kwa mmoja wa watunzaji wa seva ya Mastodon iitwayo Kolektiva. Walikuja kwa shauri jingine lisilohusu seva hiyo. Walakini walichukua vyombo vyake, na ndani mlikuwa nakala ya daftari la nyumba ile, isiyofungwa kwa ufunguo: anwani za watu na hata barua zao za faragha. Mtu mmoja alitafutwa, wengine wengi wakapotelewa na siri zao. Kampuni kubwa ina mawakili na milango ya chuma. Seva ya nyumbani ina mlango wa ubao na mbwa mmoja.

Ufunguo na kifo

Kuna jambo la pili. Watu wa programu wapenda kusema habari za kuanza. Habari za kumaliza hawazisemi sana. Mtunzaji akifa, je?

Jina la nyumba katika intaneti ni la kukodi. Kila mwaka sherti mtu alipe. Yule aliyekuwa akilipa kwa kadi yake akifa, mwaka ukipita jina laondoka, na pamoja nalo anwani za watu wote. Pengine hata mtu akiwa hai jina laweza kumponyoka: mwezi wa Julai 2023 nchi ya Mali ilipojitwalia tena uangalizi wa majina yanayokwisha kwa .ml, ambayo wageni walizoea kuyapata bure, nyumba nyingine zilizojengwa juu ya majina hayo zilibaki bila anwani. Aliyejenga juu ya kiwanja cha bure asistaajabu mwenye kiwanja akija.

Tena funguo zenyewe. Mwezi wa Aprili 2019 mwizi aliingia katika seva kubwa ya Matrix. Ili kuzuia ubaya, mafundi waliwatoa watu wote nje, waingie upya. Mwizi hakuyasoma maneno yaliyofungwa. Ufunguo ulifanya kazi yake. Lakini wale ambao hawakuweka nakala ya funguo zao mahali pengine hawakuweza tena kuzisoma barua zao wenyewe. Ufunguo wa siri haujui kutofautisha mwizi na mwenye nyumba aliyesahau. Tuwaze mama mzee ambaye simu yake imeanguka katika maji, na ndani yake sauti ya mwisho ya mume wake. Nani amemwandikia ufunguo wake kwenye karatasi?

Wakubwa wa kazi hii wameanza kuliona jambo la kurithiwa. Rochko, aliyeishika Mastodon peke yake muda mrefu, alitangaza Januari 2025 kwamba kazi yote itapewa chama kisicho cha faida, na Novemba 2025 akauacha uongozi. Ikiwa yeye ameona kwamba nyumba haifai kutegemea mtu mmoja, jamaa yetu nayo itafute mrithi mapema. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lisiloahidiwa

Tuonye juu ya neno jingine. Vijana wengine hudhani kwamba seva ya nyumbani itawaokoa siku intaneti itakapokatwa. Sivyo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilikata intaneti, na watu wakakaa karibu siku ishirini bila kuipata. Uganda ilifanya vivyo hivyo Januari 2021. Njia ikikatwa, aliye Goma hafiki kwenye seva iliyo Bruxelles, iwe ya tajiri, iwe ya mjomba. Na seva ikiwa hapahapa Goma, itawatumikia walio katika nyumba ile tu, tena kama umeme upo. Kwa siku kama hizo simu ya kupiga kwa sauti na mtu anayepanda basi bado ndio tarishi wetu.

Tena kuna mega. Mama anayenunua mega kidogo kidogo sokoni hataki programu ya pili inayokula fedha yake ili kumwonyesha picha ileile aliyokwisha kuiona katika WhatsApp. Anayejenga nyumba ya jamaa aipime kwa simu ya yule aliye maskini kuliko wote, asiipime kwa simu yake mwenyewe.

Maoni yetu juu ya kila chombo

Baada ya kuyapima hayo yote, twasema hivi.

Mastodon ni baraza. Yafaa kwa jamaa kubwa, kwa chama cha wanafunzi wa zamani, kwa watu wa ukoo walio katika nchi nyingi: kutangaza arusi, kuonyesha picha, kuandika historia ya babu. Haifai kwa siri hata moja. Anayeitumia kama chumba cha ndani amejidanganya.

Matrix ni jengo kubwa. Tangu mwaka 2019 watumishi wa serikali ya Ufaransa wana chombo kiitwacho Tchap kilichojengwa juu yake. Penye mafundi wa mshahara, ni kazi nzuri. Kwa jamaa yenye kijana mmoja anayefanya kazi hiyo usiku baada ya kutoka kazini, ni nzito: yataka nafasi, matengenezo na subira.

Snikket, kazi ya Matthew Wild juu ya njia ya XMPP, ndiyo iliyo karibu zaidi na haja ya jamaa. Ilitengenezwa kwa ajili ya vikundi vidogo. Mtu aingia kwa kualikwa, na maneno hufungwa pasipo kuagiza. Yaweza kukaa katika mashine ndogo. Twaisifu kwa sababu haijifanyi kubwa. Lakini bahasha iko wazi mbele ya mtunzaji, kama katika nyingine.

Signal haiwi nyumba yetu kamwe. Ni nyumba ya wengine, nayo yataka namba ya simu wakati wa kujiandikisha. Tangu Februari 2024 mtu aweza kuwaficha wengine namba yake na kujulikana kwa jina tu. Kwa siri ya watu wawili hatujaona chombo cha kufaa kuliko hiki, kwa sababu mwenye nyumba hatujui, na tena amejizuia mwenyewe asijue.

Basi kwa jamaa inayotaka kujenga, twashauri mambo matano.

Kwanza, mambo ya watu wote yakae katika seva ya jamaa. Siri ya mtu mmoja ikae nje yake. Mtunzaji mwenyewe awaambie watu hivyo wazi siku ya kwanza: hapa naweza kuona bahasha zenu, mwenye shauri la peke yake aende kwingine, nami sitauliza.

Pili, wenye ufunguo wawe wawili, tena wasitoke upande mmoja. Kama mmoja ni wa upande wa waume, mwingine atoke kati ya wake walioolewa humo. Neno hili litawachukiza wazee wengine, lakini bila hilo seva itakuwa fimbo nyingine katika mkono uleule.

Tatu, daftari la karatasi. Iandikwe jina la nyumba limekodiwa wapi, nani alipa, lini, nakala ziko wapi, na mrithi ni nani. Likae katika bahasha iliyofungwa pamoja na hati za shamba.

Nne, seva itunze kidogo na kufuta mapema. Daftari la nani ameingia saa ngapi lisikae miezi. Kisichotunzwa hakiibiwi.

Tano, mtu asilazimishwe kuhamia, wala asilaumiwe akibaki WhatsApp. Mara nyingine anayekataa kuingia katika nyumba ya ndugu ana sababu yake, na sababu hiyo ni ile asiyoweza kuisema mbele ya ndugu.

Mafundi wa Ulaya na Marekani wamefanya kazi kubwa, nasi twawashukuru. Wametengeneza kufuli ambazo hata wenye nguvu hawazivunji. Lakini waliwaza mtu mmoja anayejilinda na dunia. Hawakuwaza sana ukoo wa watu sitini, wenye wajane, mayatima, wakwe na deni za zamani. Sehemu hiyo ni kazi yetu. Basi kijana anayetaka kuijenga seva ya jamaa, kabla hajanunua mashine, amwendee yule mwenye sauti ndogo kuliko wote nyumbani, mjane au mke mgeni, amweleze yote atakayoweza kuyaona, halafu amwulize kama atakubali. Akinyamaza, kijana angoje kwanza.